Choo cha Mkwe wa Mtemi

Mtemi Marko aliwagawa watu kama panga linavyogawa boga. Nusu ya nchi yake, kuanzia Misigiri hadi mbugani, ilikuwa tayari kumbeba mabegani. Nusu ya pili nayo ilikuwa tayari kumbeba, ila kwa kwenda kumtupa kwenye miteremko ya Sekenke. Ndiye aliyewalazimisha watu kupanda muhogo, wakamtukana. Njaa ilipoingia wakaula muhogo uleule, na matusi hawakuyapunguza. Ndiye aliyeamuru wasichana wasome. Ndiye aliyewatoa ndama ndani ya nyumba, wazee wakauliza kama zamu ya wake zao itafuata.

Yote hayo Yunisi, mama mkwe wake, aliyanyamazia. Mtemi alikuwa amemwoa binti yake, Dina, na mkwe hasemwi. Lakini miaka michache baada ya vita vya Hitla ikaja sheria ya choo.

Ilitoka kwa Bwana Shauri wa Kiomboi, yaani mkuu wa wilaya, mzungu ambaye choo chake kilichimbwa na wafungwa, kikafagiwa na wafungwa, halafu yeye akashangaa kwa nini watu weusi ni wavivu wa kuchimba. Serikali ile dawa haikuleta, shule ilileta kwa kijiko, lakini mashimo iliruhusu watu wachimbe hadi wachoke. Mtemi akaipokea sheria kwa mikono miwili na kuitia chumvi yake. Kila mji, yaani kila kaya, uwe na choo. Asiye nacho atatoa ng'ombe. Anayekwenda porini atatoa ng'ombe. Na mwenye choo asichokitumia naye atatoa ng'ombe, maana hiyo ni dharau.

Yunisi alichimba. Mjane, mikono yake miwili, kwenye ardhi ile ambayo ukilima shibiri moja unagonga mwamba. Akajenga ukuta wa fito na udongo, akaezeka, akafagia. Halafu hakuingia hata siku moja. Angeingiaje? Mtemi hupita kwake kila anapokwenda barazani, na siku akibanwa ataingia humo. Mkwe hakanyagi anapojisitiri mkwe mwenzake. Jambo hilo halikuhitaji sheria ya mzungu, watoto walizaliwa wakilijua. Basi Yunisi akaendelea kwenda nyuma ya mawe kama mama yake, na ndani ya choo akatundika mbegu zake za uwele, kwa kuwa hapakuwa na mahali pakavu kama pale.

Siku ya ukaguzi Mtemi alikuja na Bwana Shauri, askari, na Stefano tarishi. Yunisi akaingia nyuma ya kizimba cha kuku, akainamisha macho. Mtemi naye akageukia mlimani. Wawili hao hawakuwahi kusemezana uso kwa uso tangu mahari ilipopokelewa.

Askari akatoka chooni na suke la uwele mkononi.

"Choo hiki kina mavuno, Mtemi."

Bwana Shauri akatikisa kichwa. Mtemi akaona haya mpaka shingoni, akauambia mlima: "Stefano, mwambie mkwe wangu kwamba sheria haina mkwe."

Stefano akageuka. "Mama, anasema sheria haina mkwe."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie mkwe wangu Nyange ndiye ng'ombe pekee niliye naye, na wajukuu wanaokunywa maziwa yake ni watoto wake yeye."

"Mtemi, mama anasema..."

"Nami si kiziwi! Mfungueni."

Askari akamfungua Nyange, ng'ombe mweupe kama ndege wa jina lake. Yunisi akahisi kamba ile inafunguliwa tumboni mwake. Aliyemlea mumewe akiwa mgonjwa ni Nyange. Aliyewavusha wajukuu mwaka wa njaa ni Nyange, akisaidiwa na muhogo wa Mtemi, hilo hakulikataa.

Ndipo tumbo la Mtemi likanguruma.

Tangu asubuhi alikuwa amepokelewa kila mji kwa kibuyu cha maziwa mgando, na kibuyu hakikataliwi. Waliompenda walimpa kwa mapenzi. Waliomchukia walimpa kikubwa zaidi. Sasa alisimama amebana magoti, jasho likimtoka. Porini hawezi: ni ng'ombe mmoja, mbele ya mzungu. Choo kilikuwa kimoja tu.

Yunisi alimtazama kwa pembeni, akaelewa. Akatoka nyuma ya kizimba, taratibu, akaenda kusimama katikati ya mlango wa choo. Mkwe hawezi kupita ubavuni mwa mkwe.

"Stefano, mwambie mkwe wangu choo ni kisafi."

"Mtemi, choo..."

"Mwambie aondoke mlangoni!"

"Mama..."

"Mwambie nitaondoka Nyange akirudi kambani. Miguu yangu imezeeka, huenda ikachelewa."

"Anasema nini huyu mama?" akauliza Bwana Shauri, asiyejua lugha ya kwao.

Mtemi akajibu upesi. "Anasema, Bwana, nikikague mwenyewe kwa makini."

"Vizuri sana!"

"Mrudisheni ng'ombe!" Mtemi akapiga kelele. "Haraka, nyie!"

Kamba ikafungwa. Yunisi akalikagua fundo, akaingiza mkono kutoa mbegu zake, shada moja baada ya jingine, bila haraka, kisha akapisha. Mtemi hakutembea, aliruka.

Akakagua kwa muda mrefu. Bwana Shauri akamwambia Stefano kwamba Tanganyika nzima ingekuwa na watemi wenye bidii namna hiyo, wazungu wangerudi kwao kupumzika. Stefano akajibu, "Inshallah, Bwana," ingawa alikuwa Mlutheri.

Wiki ileile Mtemi akatangaza barazani: kila mji wenye mkwe uchimbe choo cha pili. Baraza likalipuka. Nusu wakapiga vigelegele kwamba hatimaye sheria imejua adabu. Nusu wakakumbuka ule mwamba. Kisimani wanawake wakamwuliza Yunisi kama mikono yake yeye ni ya chuma.

Akajitwika mtungi, akarudi nyumbani. Alikuwa na shimo lake la pili la kuchimba. Lakini kwanza alimkamua Nyange, akagandisha maziwa, akamwita Stefano na kumkabidhi kibuyu kikubwa kuliko vyote alivyokuwa navyo.

"Mpelekee mkwe wangu," akasema. "Mwambie asiache hata tone."