Mama Mwiko na Tangi la Ofisi ya Afya

Mimi ni dereva wa ofisi ya afya. Gari langu limebeba dawa ya mbu, mitego ya panya, chupa za sampuli za maji, na kwa miaka tisa limembeba Bwana Pua, mkaguzi wetu wa vyakula. Jina hilo tulimpa wenyewe. Akifika mgahawani husimama mlangoni, ananusa mara mbili, kisha anasema, "Nyuma ya jiko kuna kitu kimeoza." Ukienda kuangalia, kipo.

Siku mkuu wetu alipoleta matangazo ya mafunzo ya bure ya afya ya mazingira, yale ya kusoma kwenye simu na kufanya mtihani hukohuko, Bwana Pua alicheka mpaka akakohoa.

"Nifundishwe na simu? Simu ina pua?"

Hata hivyo alichukua karatasi moja ya tangazo. Hakuichukua asome, joto lilikuwa kali, akaanza kujipepea nayo. Ndiyo hiyo aliyokuwa nayo mkononi tulipokwenda kula mchana kwa mama mkwe wake.

Mama mkwe huyo ana mgahawa wa meza sita, hatua chache kutoka ofisini. Watu humwita Mama Mwiko. Wengine wanasema ni kwa sababu ya mwiko wake mrefu asioutua chini, wengine wanasema ni kwa sababu kumbishia ni mwiko. Bwana Pua, anayewatetemesha wauza nyama wa soko zima, akiingia pale huwa mpole kama kijana aliyekuja kuposa asubuhi hiyohiyo. Jiko la mama mkwe hakulikagua hata siku moja. Faili lake alimsukumia mwenzake.

Tulipomaliza kula aliisahau karatasi mezani. Mama Mwiko akavaa miwani, akaisoma mpaka chini, akamwita kabla hatujavuka mlango.

"Mkwe wangu, hapa pameandikwa ni kwa maafisa wa afya na mtu yeyote anayependa kujifunza. Yeyote ndiyo nani?"

"Ni... yeyote tu, mama."

"Basi yeyote ni mimi."

Bintiye, yaani mke wa Bwana Pua, ndiye aliyemwekea masomo kwenye simu. Miezi miwili mama wa watu alisoma kila siku, kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana, simu kaiegemeza kwenye kopo la chumvi. Sisi wateja tulianza kuisoma namba. Ubao wa kukatia nyama ulikatazwa kugusa mboga. Kilinunuliwa kipimajoto cha kuchoma ndani ya kuku. Nami siku moja nilisimamishwa na sahani mkononi.

"Dereva, mikono inaoshwa kwa muda gani?"

"Mpaka itakate, mama."

"Sekunde ishirini, na sabuni. Wewe umetumia tano. Rudi bombani."

Cheti kilipotoka alikitia plastiki, akakitundika juu ya bei za vyakula. Bwana Pua alikisoma kwa mbali, macho kayafinya. Garini akaniambia, "Vyeti vya bure ni kama mvua, humnyeshea kila mtu." Lakini alisema hivyo baada ya mimi kupandisha vioo.

Sasa ikaja Jumatatu ya mkutano wa ofisi. Tulikuwa kumi na tisa, na chakula kililetwa na Mama Mwiko: wali, kuku wa mchuzi na mboga za majani. Tulikula, tukashukuru, tukaendelea kujadili usafi wa mji. Jumanne asubuhi ofisi nzima ilikuwa foleni ya choo. Choo ni kimoja. Niliwaona watu wenye digrii wakibembelezana mlangoni kama watoto. Tulipohesabu, wagonjwa walikuwa kumi na mmoja.

Mkuu, ambaye yeye alikuwa mzima, alimwita Bwana Pua, ambaye hakuwa mzima.

"Najua ni mkweo," akasema. "Ndiyo maana nakutuma wewe, watu wasiseme tunalindana. Peleka amri ya kufunga."

Ile safari fupi nilimwendesha polepole, kwanza kwa kumhurumia, pili kwa sababu ya tumbo lake. Alipoingia, mgahawa ulikuwa umejaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Leo umekuja na karatasi nyingine ya kujipepea?"

Bwana Pua akaisoma ile amri. Kila mtu akaacha kutafuna. Mama Mwiko alisikiliza mpaka mwisho, ndipo akauliza, "Waliokula ni wangapi?"

"Wote."

"Wote ndiyo wangapi? Nani alikula nini? Nani alikunywa nini? Nani alianza kuumwa saa ngapi?"

"Hilo hatujauliza, mama."

"Sasa mmejuaje kuwa ni chakula changu? Kwa pua?"

Meza ya dirishani ikaangua kicheko. Mama Mwiko hakucheka. Alizima jiko kwa mkono wake mwenyewe, akavua aproni, akaikunja vizuri. "Sheria ni sheria, nimefunga. Lakini nakuja ofisini kwenu kuuliza maswali yangu. Yapo kwenye somo la saba."

Nilimkalisha kiti cha mbele. Bwana Pua akakaa nyuma.

Ukumbini Mama Mwiko alibandika karatasi kubwa ukutani, akachora mistari, akatuita mmoja mmoja. Wali? Kuku? Mboga? Maji ya lile jagi kubwa la korido, lililojazwa bombani siku ya mkutano? Tumbo? Mkuu alikuwa amekuja kumzuia, akajikuta amekaa kama sisi. Kila jibu liliwekewa alama.

Karani wetu alisema hakula kabisa, alikuwa anapunguza mwili.

"Na unaumwa?"

"Naumwa kuliko wote, mama."

"Ulikunywa nini?"

"Maji tu. Glasi nne. Njaa ilikuwa inaniuma."

Mama Mwiko akaweka alama, akanigeukia. Nikasema nilikula kila kitu, maji nilikunywa ya chupa yangu ya garini, na mimi ni mzima.

"Ulikula sahani moja?"

Hapo nikaona dunia imekuwa nyembamba. Siku ile wenzangu walilalamika kuwa kuku alikwisha mapema, na hakuna aliyejua alikokwenda. Nilitazama karatasi ukutani, nikatazama aproni iliyokunjwa kwapani mwake.

"Moja nilikula hapa," nikasema. "Nne nilipeleka nyumbani."

"Kumbe!" Mkuu aliruka. "Ndiyo maana mimi nilipata mchuzi mtupu!"

"Mwacheni," Mama Mwiko akasema. "Nyumbani walikula wangapi?"

"Watano. Wazima wote. Mdogo aliomba tena."

Alinitazama kwa shukrani, na sijui kama nimewahi kusifiwa kwa wizi mtamu namna ile. Kisha akahesabu kwa sauti. Waliokunywa maji ya jagi walikuwa kumi na wawili, na kumi na mmoja kati yao wanaumwa. Ambao hawakuyanywa walikuwa saba, na hakuna hata mmoja anayeumwa, ingawa wote walikula.

"Na huyo wa kumi na mbili?" mtu akauliza.

"Ana tumbo la chuma. Wapo, hata somo linasema wapo."

Mtaalamu wetu wa maji akasimama, mkono tumboni. "Mama, maji yetu hayawezi. Sisi ndio tunaopima maji ya mji mzima!"

"Yenu yalipimwa lini mara ya mwisho?"

Likatafutwa faili. Likatafutwa tena. Mkuu akakohoa kidogo, akasema, "Leteni ngazi."

Bwana Pua alipanda mwenyewe hadi juu ya paa, kwenye tangi linalolisha lile bomba. Sisi tulibaki chini, shingo zimepinda. Alikaa huko muda.

"Mfuniko haupo," akasema hatimaye. "Kuna njiwa. Wa juu wako hai."

"Na wa chini?" akauliza Mama Mwiko.

"Wa chini yuko majini, mama. Ana siku nyingi."

Karani alikimbilia chooni. Mkuu akapaza sauti, "Miezi yote hii, na pua yako hiyo, hukunusa kitu?" Bwana Pua alianza kushuka ngazi. Ni mama mkwe aliyemjibia.

"Vijidudu havina harufu, mkuu. Hata mimi nilikuwa sijui mpaka nilipofika somo la pili. Na tafadhali, chukueni sampuli kabla hamjamwaga."

Mtaalamu wa maji alikuwa tayari ameshika bomba la kumwagia. Akaliachia, akaenda kutafuta chupa.

Mkuu alitikisa kichwa. "Mganga hajigangi," akasema, na amri ya kufunga akaichana yeye mwenyewe. Tangi lilisuguliwa, likatiwa klorini, likapata mfuniko wenye kufuli. Baada ya siku chache majibu ya maabara yalithibitisha mambo ambayo sitayaandika, maana huenda unakula. Ofisi nzima ikaamriwa kusoma yale mafunzo ya bure. Mimi nikaongezewa adhabu ya kuosha jagi kila Ijumaa, na nimeikubali.

Bwana Pua alifanya mtihani mara ya kwanza akaanguka kwa maswali mawili. Hakumwambia mtu ila mimi. Kesho yake niliwakuta meza ya kona, yeye na mama mkwe, simu katikati yao. Alikuwa anamwuliza kuhusu kiasi cha dawa kwenye maji, mama naye akakataa kumtajia.

"Nikikutajia utasahau. Soma tena, mimi napakua."

Juma lililofuata alinipigia niende kumchukua mapema. Alipoingia garini alinionyesha alama zake mara mbili, kisha akaniomba tupitie mgahawani, ingawa si njia yetu. Jikoni alisimama mlangoni, safari hii bila kunusa, akangoja mama amalize kupakua.

"Mama, nimepita."

"Ngapi?"

"Themanini na moja."

Mama Mwiko aliweka mwiko chini, akaifuta mikono yake, akampa mkono. "Hongera, mwanangu," akasema. "Sasa ingia ukague jiko langu. Kila kona, usinionee haya. Ukimaliza kuna kozi nyingine ya panya, nimeshatuandikisha sote wawili, inaanza Alhamisi."

Bwana Pua alitoa fomu mfukoni, akaosha mikono kwanza. Nilimhesabia kimoyomoyo. Alifikisha ishirini na tatu.