Ng'ombe wa Chaki wa Nambambo

Valentina alishuka stendi ya Nachingwea asubuhi akiwa na begi, godoro lililokunjwa na shahada yake ya udaktari wa mifugo ndani ya bahasha ya plastiki. Nyuma yake alishuka ng'ombe wa chaki. Alikuwa ng'ombe yule yule aliyechorwa ubaoni miaka yote ya masomo: mistari myeupe mitupu, na tumboni ndama aliyelala vizuri, miguu ya mbele na kichwa vikielekea njia ya kutokea. Mishale yenye majina ya Kiingereza ilichomoza kila upande wake. Kwa sababu ya hiyo mishale kondakta alimtoza nauli ya mzigo, kisha akaendelea kuita abiria wa Ruangwa.

Chuoni hapakuwa na ng'ombe mwingine. Zizi lilikuwa limegeuzwa stoo ya viti, na gari la kuwapeleka wanafunzi kwa wafugaji halikuwa na mafuta kila walipouliza. Basi wakamsoma huyu. Valentina alimsoma kuliko wenzake wote, na baada ya mtihani wa mwisho, ubao ulipofutwa, ng'ombe alishuka akamfuata.

Nyumbani Nambambo mama yake, Dafrosa, alimpokea kwa vigelegele na kumtengea ng'ombe kona ya ghala la korosho isiyovuja. Kuku walizoea kulala juu ya mishale. Jumapili walimpeleka kwenye misa ya shukrani, kama familia nyingine zinavyopeleka jogoo au ndoo ya mbaazi. Padri alinyunyiza maji ya baraka, kwato moja ikafutika. Valentina aliichora upya hapo hapo nje ya kanisa, na watu wakamsifu, maana alikuwa na mkono mzuri wa kuchora. Dafrosa alirudi nyumbani akitembea kwa maringo, na nani angemlaumu? Shamba la mikorosho alilorithi lilikuwa limeuzwa ili mtoto afike hapo.

Wiki hiyo Nkwabi alikuja na pikipiki kutoka Nandagala. Yeye na mkewe, Minza, walikuwa wamehamia huko na mifugo yao kutoka kanda ya ziwa. Ng'ombe wao mmoja alikuwa ameshikwa na uchungu tangu alfajiri na ndama hatoki. Minza alikuwa na mtoto mchanga na matiti yake yamekauka. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo waliyokuwa wakiyasubiri.

Valentina alipanda pikipiki. Ng'ombe wa chaki alifuata nyuma kwa mwendo wake, akapita kwenye uzio wa miiba bila kukwaruzwa.

Miguu miwili ya mbele ilikuwa imeshatokeza. Valentina aliingiza mkono. Ndani mlikuwa na joto, giza na kubanwa, mambo ambayo mishale haikuyataja. Kichwa hakikuwepo mahali pake. Alimtazama ng'ombe wa chaki. Kwake kichwa kilikuwepo. Akaamini mchoro.

"Vuta," alimwambia Nkwabi.

Walivuta. Kichwa kilikuwa kimegeukia ubavuni, na kadiri walivyovuta ndivyo kilivyozidi kukwama. Ndama alikufa kwanza. Mama yake alikufa jua lilipokuwa utosini.

Minza alikaa chini akimbembeleza mtoto aliyekuwa akilia njaa. "Daktari," aliuliza taratibu, "huko chuoni hamkuwa na ng'ombe?"

"Alikuwepo, mama. Ndiye yule pale."

Minza alimtazama ng'ombe wa chaki kwa muda mrefu. "Mzuri," alisema. "Hana harufu."

Valentina aliona aibu. Aliporudi ghalani alifuta kichwa cha ndama kwa kiganja, akakichora upya jinsi mkono wake ulivyokikuta. Ng'ombe wa chaki akashikwa na uchungu, akaguna. Valentina alivuta, ndama akakwama. Akamsukuma arudi ndani, akatafuta pua kwa vidole, akageuza kichwa, ndama akatoka. Akamrudisha, akachora tena. Kiangazi chote mikono yake ilikuwa myeupe hadi kwenye viwiko, na Dafrosa akawa anamlisha uji kwa kijiko.

Ndipo mhadhiri wake, Bwana Eustace, alipofika na gari la chuo kumfuata ng'ombe, kwa kuwa muhula ulikuwa unaanza na ubao ulikuwa mtupu. Alichungulia tumboni, akakunja uso.

"Nani amemharibu?"

"Ndama wa Nandagala ndivyo alivyolala, mwalimu. Walete wanafunzi kule. Minza amekubali waguse ng'ombe wake waliobaki."

"Ratiba imejaa, binti yangu. Halafu mtihani umeshatungwa." Bwana Eustace hakuwa mtu mbaya, aliongea kwa huruma kabisa. Alilowesha kitambaa, akafuta kichwa, akakichora mahali pake pa zamani, akampandisha ng'ombe garini. Dafrosa aliwafungia mihogo ya kula njiani.

Mwaka uliofuata wahitimu wengine walishuka stendi ya Nachingwea, kila mmoja na ng'ombe wake wa chaki. Makondakta walishazoea, nauli ilikuwa ile ile. Valentina alikuwa akiwasubiri pamoja na Nkwabi. Alipita akichungulia tumbo moja baada ya jingine, na ndama wote walikuwa wamelala vizuri.