Moto wa Truphosa Uani Aston

Truphosa alikuwa nesi, lakini kabla ya unesi alikuwa binti wa wafinyanzi, na hiyo kazi haina kustaafu. Mama yake alipofariki, alibaki yeye peke yake duniani anayejua kuchonga nakshi za vyungu vya ukoo wao: mistari ya nyoka, kwa mfupa, udongo ukiwa haujakauka vizuri.

Basi Jumamosi moja ya mwaka sabini na mbili, akakiweka uani kwake Aston, mjini Birmingham, Uingereza, chungu cha kwanza kukifinyanga bila mama. Akakifunika kwa mbao na mavi makavu ya farasi wa mzee aliyepita mtaani akinunua vyuma chakavu, akawasha. Kwao sharti ni moja: ukishawasha, hutamki neno mpaka chungu kitoke. Ukisema, kinapasuka. Mama yake aliwahi kuumwa na nyuki saba akanyamaza kimya.

Moshi sasa! Shuka za majirani zikageuka rangi ya chai. Paramjit wa nyumba ya pili, mzaliwa wa Kisumu aliyeujua mwiko huo, akatoa kichwa dirishani.

"Wewe Truphosa! Unachoma nani?"

Truphosa akaweka kidole mdomoni.

"Ala, chungu! Choma, dada. Nguo zangu zilikuwa chafu hata hivyo."

Lakini kuna aliyekwisha kupiga simu. Zimamoto watatu wakaingia na mpira wa maji.

"Sogea, kipenzi," akasema mkubwa wao. Birmingham hata usiyemjua ni kipenzi.

Maji baridi juu ya chungu chenye moto! Truphosa akapunga mikono. Wapi! Akaukalia mpira, akaukumbatia.

"Huyu kapata mshtuko," akasema zimamoto mmoja.

"Mshtuko gani!" Paramjit akauruka ukuta, kandambili moja ikabaki kwake. "Ni ibada! Akitamka neno, balaa!"

"Dini gani hiyo?" akauliza mkubwa.

"Ya vyungu!"

Mkubwa akavua kofia. Wenzake wakavua. Wakasimama saa nzima, wima, machozi yakiwatoka kwa moshi. Truphosa kicheko kilimbana mpaka mabega yakatetemeka. Zimamoto mmoja akadhani analia, akamhurumia, akampa leso. Hapo ndipo akazidiwa, akaing'ata ile leso.

"Kucheka si kusema, dada," Paramjit akamnong'oneza. Hakusaidia hata kidogo.

Moto ukalala. Truphosa akakichokoa chungu kwa fimbo: cheusi tii, mistari yote mizima. Akakigonga. Ngiii! Mlio wa chungu kisicho na ufa.

"Mama, kimelia!" akapaza sauti kwa lugha ya kwao, akamwangukia mkubwa kifuani, akicheka.

Mkubwa wa watu, akidhani ni sala, akasema, "Amina."