Tulitulia Kama Maji Mtungini

Tangazo lilikuwa limebandikwa kwa pini nne kwenye mlango wa darasa letu la kisomo cha watu wazima, na nililisoma mwenyewe, neno kwa neno, bila kumngoja mtu. "Picha za vyeti zimekataliwa. Nyuso hazitambuliki kwa sababu wanafunzi hawakutulia wakati wa kupigwa picha." Nikalisoma mara ya pili, nikidhani nimeruka silabi. Sikuwa nimeruka. Kwa miaka miwili nilijifunza kusoma ili siku moja nisimame mbele ya karatasi bila kuomba msaada wa mtu, na karatasi ya kwanza kunikuta peke yangu ilikuwa imekuja kunitukana.

Nyuma yangu waliwasili muuza mkaa na Bibi Cheko, mkubwa wetu kwa umri na kwa utani.

"Soma kwa sauti, fundi," akasema Bibi Cheko. Wananiita fundi kwa sababu nashona nguo. Nikasoma.

"Hatukutulia?" Muuza mkaa alishika kiuno. "Mimi nzi alitembea puani kwangu, nikamwacha apite!"

"Basi nzi ndiye aliyetikisika. Cheti wampe yeye."

Walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa mpiga picha alikuwa kitindamimba wangu. Ni mimi niliyesimama mbele ya Mwalimu na kusema: mwiteni mwanangu, kazi yake naijua.

Mwalimu alitukabidhi bahasha ya picha zilizorudishwa. Alieleza kwamba zikipatikana nyingine kabla ya Ijumaa, vyeti vitagongwa mhuri. Zisipopatikana, tutangoja vya mwakani.

"Mwakani?" akasema Bibi Cheko. "Mimi na mwakani hatujaahidiana."

Nilizitandaza zile picha juu ya dawati na kuzikagua kama ninavyokagua nguo ya mteja, kwa kuanzia kwenye mishono. Nyuma ya kila mmoja wetu ilionekana chati ya herufi iliyo ukutani, na herufi zake zilisomeka hadi nukta ya mwisho. Mbele ya chati hiyo, nyuso zetu zilikuwa kama zinazotazamwa kupitia mvuke wa chungu. Nikajiuliza: ikiwa tulitikisika, mbona hakuna aliyetikisika kidogo na mwingine sana? Ukungu ulikuwa uleule kwa wote ishirini na wawili, kama vitambaa vilivyokatwa kwenye jora moja. Na kama kamera ndiyo iliyotikisika, mbona ukuta ulitoka safi?

Nilirudi nyumbani na bahasha kwapani. Mwanangu alikuwa sebuleni, akifuta taa zake mpya kwa kitambaa laini.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Hizi ni nini?"

Alizitupia jicho. "Ah, zile za darasani kwenu. Mwalimu alinipigia simu, nikamweleza. Watu wazima wakiiona kamera hutikisika. Siwalaumu, ni mazoea tu."

"Nani alitikisika?"

"Wote."

"Na mimi?"

Akaendelea kufuta taa ambayo ilikwisha kung'aa. "Wewe kidogo."

Mkono huu umetunga uzi kwenye sindano kwa miaka thelathini. Ulimshonea sare zake zote za shule, na hakuna hata moja iliyokwenda upande. Niliuweka mezani mbele yake, nikautandaza, ukatulia. Hakuutazama.

Sasa nieleze nililokuwa nimeligundua, kwani mtu akikaa chumba kimoja na fundi wa kazi nyingine hujifunza bila kufundishwa. Zamani mwanangu alikuwa na taa moja iliyokaa juu ya kamera. Kabla ya kupiga, taa ile ilitupa mistari myekundu usoni mwa mtu, kamera ikamwona na kulia pii, ndipo mwanga mkubwa ukawaka. Hizi mpya husimama mbali, kila moja juu ya miguu yake mitatu, na huamriwa bila waya na kidude kidogo kinachokaa pale ilipokuwa taa ya zamani. Kidude hicho hakitoi mstari wowote. Nalo darasa letu liko chini ya ghala la shule. Dirisha lake ni moja, na limeelekezwa ukutani.

"Ile mistari myekundu siku hizi iko wapi?" nikamuuliza.

"Ilikuwa ya ile taa kuukuu. Hizi zina nguvu mara nne, Mama. Hata pangoni napiga."

Nikafunga mlango, nikashusha pazia, nikazima balbu. Nikaketi kwenye cherehani yangu. "Basi hapa ni pangoni. Nipige."

Alicheka kidogo, akainua kamera. Niliisikia lenzi ikizunguka mbele na nyuma, zii, zii, kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya mkoba uliojaa. Hatimaye taa zikawaka, chumba kizima kikawa cheupe. Tukaitazama picha kwa pamoja, naye akaikuza kwa kidole. Kalenda ya ukutani ilisomeka tarehe zote. Mimi nilikuwa mvuke.

"Nimetikisika?"

Akaikuza tena.

Nikawasha kile kitaa kidogo cha cherehani, nikakielekeza usoni pangu. Akainua kamera tena, ikalia pii papo hapo.

"Taa zako zina nguvu, sikatai," nikamwambia. "Lakini zinawaka kamera ikiwa imekwisha kuchagua pa kutazama. Huwezi kutunga uzi kwenye sindano kwa mwanga wa radi."

Alikaa juu ya mkono wa kiti. Kisha akasema jambo lililonichoma kuliko tangazo lenyewe. "Niliisikia siku ile ikihangaika. Foleni ilikuwa ndefu, nikageuza swichi ipige hivyohivyo. Kwenye kioo kidogo cha kamera zilionekana safi."

"Uliisikia."

"Niliisikia, Mama."

"Na Mwalimu alipokupigia, ukasema ni sisi."

Akainuka haraka. "Nitarudia kesho. Nitawaambia nawafanyia hisani, yaishe."

"Hisani! Mtu akikumwagia maji machafu, kisha akuletee taulo, utamwita mfadhili? Utawaambia ukweli."

"Mama, mimi nina jina hapa mtaani. Nikisema nimekosea, nani ataniita tena?"

"Na sisi hatuna majina? Tumehangaika miaka miwili kujifunza kuyaandika!"

Usiku ule hatukuongea tena, na asubuhi alikunywa chai yake amesimama.

Mchana alikuja darasani kama alivyoahidi. Alisimamisha taa zake, akachora duara kwa chaki mahali pa kiti, akaazima tochi ya mlinzi na kunipa mimi niishike. Alipokuwa tayari aliwageukia wenzangu na kusema, kwa sauti ya mtu anayegawa zawadi: "Nimeamua kuwapa nafasi ya pili. Leo tafadhali tulieni."

Damu ilinipanda hadi masikioni.

"Siku ile tulitulia kama maji mtungini, baba," akasema Bibi Cheko. "Labda leo utufunge kamba."

Kazi yenyewe, nakiri, aliifanya vizuri. Kila aliyeketi nilimmulika usoni, kamera ikalia pii, mwanangu akageuza swichi ili isitafute tena, mimi nikazima tochi, naye akapiga. Kisha akaikuza picha na kukagua kope za macho kabla ya kumwita mwingine. Nyuso ishirini na moja zilitoka safi, na kila aliyeinuka alimshukuru. Alizipokea shukrani hizo zote. Niliona anavyozipokea.

Zamu yangu ikafika. Nikaketi na tochi mkononi, imezimwa.

"Mama, washa."

"Naogopa. Naweza kutikisika."

Mwanangu alinisogelea, akanong'ona: "Usinifanyie hivi mbele za watu."

"Mbele za watu ndiko ulikotusema," nikajibu, na sikunong'ona. "Tangazo halikubandikwa chumbani kwangu."

Mwalimu alikohoa. "Fundi, kesho ni Ijumaa. Cheti chako..."

"Cheti changu kitangoja, Mwalimu. Hili halingoji."

Nilimaanisha. Nilikitaka cheti kile kuliko kitu chochote nilichowahi kutaka kwa ajili yangu mwenyewe, na bado nilikuwa tayari kuinuka bila picha. Nadhani mwanangu aliliona hilo, kwa maana ananijua. Alishusha kamera.

"Hamkutikisika," akasema, akitazama chini.

"Tuko huku juu," akasema Bibi Cheko.

Akainua uso. "Hamkutikisika. Kamera ilikuwa haiwaoni gizani. Nilijua, nikaendelea kupiga. Halafu nikawasingizia. Nisameheni, mama zangu."

Hakuna aliyepiga makofi. Muuza mkaa alitikisa kichwa taratibu, akamgeukia Mwalimu. "Na wewe uliyeandika bila kutuuliza?"

"Na mimi," akasema Mwalimu, akivua miwani. "Samahani. Nilipaswa kuwauliza."

Nikawasha tochi na kujielekezea, lakini Bibi Cheko aliichukua mkononi mwangu. "Lete hapa. Utajipofusha bure." Akanimulika.

"Tabasamu kidogo, Mama," mwanangu akasema kwa upole.

Sikutabasamu. Hasira yangu ilikuwa bado haijaisha, na sikuona sababu ya kuificha kwenye cheti kilicho changu. Kamera ikalia pii.

"Umenipata?"

"Nimekupata."

"Basi piga."