Mtaalamu wa Vionjo

Katika duka la michezo ya video lililobanwa kati ya kinyozi na muuza vioo, palikuwa na kiti kimoja cha plastiki ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia kabla ya saa sita mchana. Hakikuandikwa jina, lakini kilikuwa na mwenyewe. Mwenyewe alikuwa Fundi Lifti.

Mzee huyu alitengeneza lifti za maghorofa kwa miaka thelathini na nane. Alipostaafu, akagundua kwamba dukani mle kuna mashine inayowaonjesha watu michezo mipya bure, dakika ishirini ishirini, kisha skrini inajizima. Vionjo hivyo vijana huviita demo. Fundi alivionja vyote. Nyumbani kwake hakukuwa na mashine wala waya wake, ila ukimsikia anavyozungumza ungedhani yeye ndiye aliyeiunda akaisahau kwa watu.

Mwenye duka, mwanamke wa makamo ambaye kicheko chake kilikaa karibu na mdomo, alianza kwa mzaha kumwuliza maoni yake, akayaandika kwenye kadi na kuzibandika kwenye maboksi. Wateja wakawa wanaingia kusoma kadi. Fundi aliwaona, kifua kikamjaa kama mkate wenye hamira nyingi. Hakujua kwamba walikuja kucheka.

Maana mtu aliyekagua milango ya lifti miaka yote hiyo hawezi kuupita mlango hivihivi. Kila kionjo Fundi aliingia, akakuta mlango, akaufungua, akaufunga, akaufungua tena kusikiliza bawaba. Dakika ishirini zikaisha yuko chumba cha kwanza. Ndiyo maana kadi ya mchezo wa vita ilisema: “Fundi Lifti anasema: Lango la ngome ni imara, ila linalia. Wangetia grisi.” Ya mchezo wa mbio za magari: “Gereji nzuri sana. Magari sikuyafikia.” Na ya mchezo wa joka: “Nililisikia kwa mbali. Lina kelele.”

Mambo yakaenda hivyo kwa raha, mpaka siku Fundi alipotoka na ufunguo wa nyumba mfukoni na kumfungia mkewe nje.

Mkewe naye alikuwa mstaafu, wa swichibodi. Watu walimwita Opereta. Enzi zake aliunganisha simu za jengo zima, laini arobaini, kwa mikono miwili na masikio mawili, na inasemekana (anayesema ni mimi, lakini inasemekana) kwamba alimtambua mpigaji kwa anavyovuta pumzi tu, kabla hajasema haloo.

“Mzee wangu,” akasema mlangoni pa duka, “nimetoka kuanika nguo, nimerudi nakuta mlango umefungwa. Kwani umeoa ufunguo?”

“Subiri kidogo mama, niko kazini.”

“Kazi gani ya kumfungulia farasi zizi mara kumi na mbili? Farasi mwenyewe kachoka.”

Waliokuwepo wakacheka. Fundi akaona afadhali amwaibishe kidogo. Akampa padi ya kuchezea. “Haya, shika wewe uone. Watu mnadhani ni kubofyabofya.”

Opereta akakaa, akaweka mkoba magotini. Akauliza kitufe cha kwenda ni kipi, na cha kurudi. Akatoka zizini. Akavuka shamba, akavuka mto, farasi alipochoka akashuka akamtembeza kwa miguu, akapanda mlima, akampokonya jambazi mfuko wa barua. Dakika ya kumi na moja skrini ikaandika kwa herufi za dhahabu: KIONJO KIMEISHA, ASANTE KWA KUCHEZA.

Fundi alikuwa hajawahi kuyaona maandishi hayo. Miezi minane ya vionjo, hata siku moja.

“Kumbe huwa kinaisha?” alimwuliza mwenye duka kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza habari za ugonjwa.

Kesho yake kadi mpya ilikuwa imebandikwa: “Opereta anasema: Mchezo huu una moyo. Farasi akichoka, shuka. Ukimchapa atakususia mtoni.” Watu waliisoma bila kucheka. Waliisoma, wakachukua boksi, wakaenda kulipa.

Hapo kijiba cha roho kikamwingia Fundi, na kilipoingia hakikubisha hodi. Wakitembea barabarani alimtangulia mkewe hatua nne, ili wakikutana na watu asalimiwe yeye kwanza. Dukani, mwenye duka akigeuka, aliyageuza maboksi yenye kadi za Opereta yakatazama ukuta. Na Opereta, asiyejua kitu, akawa anakuja siku mbili kwa wiki, anaonja mchezo mmoja, anamaliza, anaenda zake sokoni. Kilichomuuma Fundi zaidi ni hayo mambo ya sokoni. Mtu anavuka mto wa moto, halafu anauliza bei ya vitunguu!

“Leo Bibi anakuja?” vijana wakawa wanamwuliza.

“Bibi gani? Mimi sijui ratiba za bibi wa watu.”

Ndipo ikaja habari ya mashine mpya. Ilikuwa haijaanza kuuzwa popote. Duka lilipewa moja tu, wiki moja kabla, na mchezo wake mmoja kamili. Mchezo wenyewe ulimhusu tarishi anayepeleka barua katika mji uliojengwa juu ya mwamba, na ili autoke mji huo lazima avuke daraja ambalo pale dukani lilikuwa limewashinda wote.

“Babu,” mwenye duka akasema, “nataka mtu akae nayo wiki nzima nyumbani anipe maoni. Akivuka daraja, naandika kadi kubwa, jina lake naliweka dirishani, mbele kabisa. Nimeamua nimpe Bibi. Utamfikishia?”

Fundi alilitazama dirisha lile. Lilikuwa na upana wa mlango wa lifti ya mizigo. Akaliona jina la mkewe pale, linasomwa na barabara nzima, na yeye anapita chini yake akibeba vitunguu.

“Ningemfikishia,” akasema, na sauti ikamtetemeka vizuri kabisa, “lakini macho, mwanangu.”

“Macho yamefanyaje?”

“Daktari kamkataza skrini. Kasema akiangalia tena, hata mimi hatanitambua.”

Mwenye duka akashika mdomo. “Jamani! Na juzi alikuwa mzima!”

“Ndivyo yanavyoanza.”

Basi akapewa yeye. Akaibeba mashine kifuani kama mtoto mchanga, na kwake akasema, “Wamenichagua mimi. Wanataka mtu mwenye uzoefu.” Opereta akampongeza kwa moyo mweupe, akafuta vumbi kwenye meza ya runinga.

Lakini njia ya mwongo ni fupi, na hii ya Fundi ilikuwa na urefu wa mitaa mitatu tu. Jioni ileile, yeye yuko bafuni, mwenye duka akabisha hodi na mfuko wa machungwa.

“Bibi wangu, pole sana. Babu katuambia habari za macho. Eti skrini basi tena?”

Opereta alikuwa amekaa miaka ishirini na sita akisikia siri za jengo zima bila kukohoa. Aliyatazama machungwa. Akatazama mlango wa bafuni, ambako mumewe alikuwa anaimba. Akajumlisha moja na moja.

“Ndiyo, mwanangu,” akasema polepole. “Hata wewe nakuona kama moshi.”

Fundi alipotoka na taulo shingoni, mgeni alikuwa ameshaondoka, na mkewe yuko kitini, kajifunga kitambaa cha jikoni usoni.

“Vipi tena, mama?”

“Si macho? Daktari wako kasema.”

Fundi akafungua mdomo, akaufunga. Akaufungua tena, kama milango yake.

“Sufuria liko jikoni,” Opereta akaendelea. “Maharage yanataka kuungwa. Mimi nitajikata kidole bure.”

Wiki hiyo Fundi aliunga maharage, alifagia, alianika, alianua, alitafuta kijiko kilichoanguka chini ya kochi. Akikaa kucheza, mkewe anakaa ubavuni na kitambaa chake.

“Nisimulie basi. Unaona nini?”

“Naona mlango.”

“Mwingine?”

“Huu ni wa mbao ngumu. Una komeo la chuma, halafu hapa chini pameliwa na mchwa. Mama, wamechora mpaka mchwa!”

“Haya. Na mji ukoje?”

Akamsimulia mji. Kwa kuwa alilazimika kusimulia, alilazimika kutembea. Huwezi kumweleza mtu mlango mmoja siku sita, atakupiga kwa chungwa. Alimsimulia ngazi zilizochongwa kwenye mwamba, moshi wa waoka mikate, mvua inayoanzia upande mmoja wa barabara na kukuacha mkavu upande wa pili. Alisema mikono ya tarishi ina ubaridi, unauona kwa anavyoshika barua. Alisema gemu za siku hizi zinajionyesha mno, ila hii ina haya, haikupi kitu mpaka usimame. Chini ya kitambaa Opereta alikuwa anatamani kuona, mpaka kope zinamwasha, lakini alikuwa mbishi kuliko hamu yake.

Siku ya saba asubuhi, Fundi akafika darajani. Kuna minara minne ya walinzi, juu, chini, kulia na kushoto, kila mmoja una kengele ya sauti yake. Zikilia, lazima uzijibu kwa vitufe vinne, kwa mpangilio uleule zilivyolia, haraka; ukikosea kimoja, daraja linakunjwa na tarishi anaanguka. Alianguka mara tisa. Mara ya kumi alianguka kabla kengele hazijalia.

Mwenye duka akaingia kuchukua mashine yake. “Bado, Babu?”

“Mara moja tu. Mara moja, ya mwisho!”

Kengele zikalia. Fundi akatazama mnara huu, akatazama ule, vidole vikagongana kama abiria wa lifti iliyokwama.

“Kulia,” ikasema sauti ya kitambaa. “Juu. Juu tena. Kushoto.”

Fundi akabofya. Daraja likatulia.

“Chini. Kushoto. Kulia. Chini. Usikimbie, huyu wa chini anachelewa kukata simu. Juu. Haya, kulia.”

Opereta alikuwa ameinamisha kichwa, vidole vyake vinacheza hewani juu ya magoti, na daraja linapita chini ya miguu ya tarishi, ubao kwa ubao, mpaka akakanyaga mchanga wa ng’ambo.

Mwenye duka akapiga yowe. “Bibi! Haoni, kavuka daraja kwa masikio! Haoni kabisa! Mimi naandika hivi hivi: BIBI ASIYEONA AMEVUKA DARAJA. Dirisha zima! Nitaita watu wa redio!”

Akatoa kalamu na kadi kubwa palepale, akaanza na herufi ya B yenye urefu wa kiganja.

Fundi aliitazama herufi ile. Mke anayeona, mwenye jina dirishani, angeweza kumvumilia labda, kwa kufumba macho akipita. Lakini huyu wa redio? Huyu wa muujiza? Na muujiza wenyewe kautengeneza yeye, kwa mdomo wake! Damu ikampanda, na kabla busara haijamshika mkono, mdomo ulishakimbia.

“Anaona!”

“Nani anaona?”

“Huyo! Anaona kuliko mimi na wewe! Hana ugonjwa wowote, jana kaokota sindano kwenye zulia! Nilidanganya mimi, ili usimpe mashine. Futa hiyo B!”

Opereta akakivua kitambaa taratibu, akakikunja mara mbili, akakiweka mkononi mwa mumewe.

“Nilijua utasema,” alisema. “Nilidhani utaona aibu siku ya pili. Kumbe mpaka nisifiwe.”

“Sasa mimi niandike nini?” mwenye duka akauliza, machozi ya kicheko yakimtiririka.

“Andika jina langu. Ya macho acha. Na maoni andika yale yake, yote, ya mvua na ya mikono baridi. Amesimulia vizuri, mshenzi huyu. Nimekaa gizani wiki nzima nikimwonea wivu.”

Fundi akashtuka. “Wewe? Unionee wivu mimi?”

“Nani mwingine alikuwa anauona ule mji?”

Akataka kufurahi, na nusu yake ikafurahi. Nusu nyingine iliuliza herufi za maoni zitakuwa na ukubwa gani zikilinganishwa na za jina.

“Ndogo kidogo,” mwenye duka akasema.

“Ndogo kiasi gani?”

“Mzee wangu,” Opereta akasema, ameshachukua padi na kusogeza kiti mbele ya skrini, “chai. Mikono yako ndiyo imezoea jikoni siku hizi.”

Mwenye duka akaruhusu mashine ibaki mpaka mchana, naye akavuta stuli akae ubavuni mwa Bibi. Fundi akaenda, akawasha jiko, akasimama juu ya birika huku sikio liko sebuleni. Akasikia upepo aliokuwa hajausikia. Akasikia muziki mpya, wa zeze. Kisha wanawake wawili wakasema “Aaah!” kwa pamoja, kwa sauti ya watu walioona kitu kikubwa kinafunguka.

“Ni nini?” akapaza sauti. “Nasema ni nini hicho? Ni mlango?”

Hakuna aliyemjibu, na chai ikafurika jikoni.