Ukoka wa Javan

Robi alisema mara moja tu kwamba angependa kufunga ndoa kwenye nyasi za kijani. Javan hakungoja kuambiwa tena. Kiangazi chote alibeba maji kutoka ziwani, akamwagilia ukoka alioupanda uwanjani kwake Mbita, majirani wakimcheka: "Javan, utavuna magunia mangapi?"

Sasa zilibaki baraka za mama yake Robi, aliyefika kutoka Kegonga kuona boma atakamoolewa binti yake. Robi alikuwa ameshuka ufuoni kununua samaki aina ya mbuta. Javan alijibanza nyuma ya tangi la maji kwa heshima. Kwao, na kwa kina Robi pia, mwanamume hamsogelei mama mkwe wala hamsemeshi ana kwa ana.

Mama Robi akatoka nje, akazitazama nyasi, akashika kiuno. Kegonga ukoka ni adui wa mahindi. Hauachwi hai karibu na nyumba.

"Maskini, mtoto wa watu hana wa kumsaidia kupalilia!"

Akavua viatu, akachukua jembe, akaanza.

Javan akakohoa. Jembe likapanda, likashuka. Akakohoa kwa nguvu zaidi.

"Na kifua nacho kinamsumbua," mama akasikitika, akaongeza kasi.

Afanyeje? Kumzuia ni kumkosea. Kumwacha mama mkwe alime peke yake ni aibu zaidi. Akatwaa jembe la pili, akaenda pembe ya mbali, akampa mgongo, akaanza kung'oa alichokipanda mwenyewe, machozi na jasho vikishindana kulowesha shati la Jumapili.

Robi aliporudi, samaki nusura wamponyoke. "Javan! Umerogwa?"

"Polepole," akanong'ona. "Tunasaidiana."

Mama Robi akaegemea jembe. "Robi, mwambie huyo kijana nimemwona. Analima na shati ya kanisa, na halalamiki. Harusi ifanywe. Na anunuliwe dawa ya kifua."

Lakini ukoka ukiukatakata kwa jembe, kila kipande huota. Mvua ikanyesha. Siku ya harusi uwanja ulikuwa kijani kuliko awali, na bibi harusi akavua viatu makusudi ili aukanyage.

Mama Robi akainama, akazipapasa nyasi, akamvuta binti yake kando.

"Mwambie mkwe wangu kazi hatukumaliza. Jembe liko wapi?"

Majembe yote Javan alikuwa ameyafungia kwa jirani tangu jana.