Mthamini Aliyepanda Ngazi

Elwin Goodrich alipanda ghorofani kwa shemeji yake, na sasa watu wote wa mji mdogo wa Harlow walikuwa ukumbini, matope ya Machi viatuni, kuamua kama mthamini wa nyumba aendelee kupigiwa kura au aajiriwe mtu wa nje.

Mwaka nenda mwaka rudi walikuwa wakimchagua Elwin aseme nyumba ya nani ina thamani gani, mwenye nyumba atozwe kodi kwa kiasi hicho. Walimpenda kwa sababu aliingia jikoni, akanywa kahawa, akasifu pai, akaondoka. Ngazi hakuzigusa. Kule juu kila mtu alikuwa na lake la kuificha kodi.

Ila kwa Royce Pelkey, kaka wa mkewe, kahawa ilimbana na choo cha chini kilikuwa kimeziba. Akapanda. Akakuta bafu la marumaru, sakafu yake inapashwa moto. Elwin alikuwa amekula kiapo. Akaliandika, na kodi ya Royce ikapanda.

"Bwana Mwenyekiti," Royce alifoka, "uchaguzi tuufute! Tuajiri mtaalamu. Mtu asiye na shemeji hapa!"

"Tena asiye na kibofu!" mtu akadakia nyuma. Ukumbi ukaangua kicheko.

Elwin akasimama, uso umemwiva kwa aibu. Bila kazi hii alikuwa muuza kuni tu, na alilijua hilo.

"Haya, mleteni. Huyo hanywi kahawa ya mtu. Atapanda ngazi za kila nyumba. Ataingia hata kwenye zizi lako, Hollis, lile lenye mapazia, ambalo ng'ombe wake wanalala kitandani."

Kicheko kikakatika. Hollis akakohoa.

"Royce, kaa chini!" mke wa Hollis akamkaripia. "Unataka kutuunguza wote kwa ajili ya bafu lako?"

Mwenyekiti akauliza nani anataka uchaguzi ufutwe. Royce peke yake. Elwin akaanza kutafuta maneno ya kushukuru.

"Basi tuchague. Majina?"

"Goodrich," akasema Lorna, mke wa Elwin.

"Verna Tuttle!" Royce akapaza sauti.

Verna, bibi mwenye magoti mabovu, alikuwa pembeni anapakua maharage ya chakula cha mkutano. "Mimi? We Royce una wazimu? Hata ngazi za kanisani zinanishinda!"

"Ndiyo maana, bibi."

Mikono ikainuka ukumbi mzima. Hollis alinyoosha yote miwili mpaka mwenyekiti akamkemea.

Verna alianza kazi na nyumba ya Elwin, kwa kuwa haina ghorofa. Aliikagua yote, pamoja na chumba cha nyuma ambacho Elwin alikijenga mwenyewe na kusahau kukiandika.

Basi Elwin alipoteza kazi. Alipoteza na mwaliko wa kila mwaka wa kula bata mzinga, Sikukuu ya Shukrani, nyumbani kwa Royce, ambako Lorna siku hizi anakwenda peke yake. Kahawa anajinunulia. Na kodi yake imepanda dola mia sita kwa mwaka.